Hesabu ya Mieleka: Kwa Nini Timu Imara Hushindwa



Katika mashindano ya riadha baina ya mabweni, mwisho wa muhula uliopita, bweni moja lilikosa kikombe kwa pointi moja tu. Jioni, nilipokuwa nikipita karibu na bwalo, nilisikia mvulana wa Kidato cha Pili akiambiwa na wenzake, "Wewe ndiye uliyetuangusha." Kosa lake ni kwamba alikuwa mkimbiaji wa mwisho katika mbio za kupokezana vijiti, naye alipitwa hatua chache kabla ya kufika kwenye utepe. Kesho yake alinijia akasema, "Mwalimu, mimi sikimbii tena." Sikuwa na jibu zuri la kumpa siku ile. Nimelitafuta wakati wote wa likizo, na leo nataka kulitoa mbele yenu nyote, maana naona latuhusu sote. Tena si jibu la maneno matupu, bali ni la hesabu, na nililijifunza mbali na hapa, pembeni mwa mkeka wa mieleka.

Mwaka 2023 nilipata bahati ya kwenda Marekani kujiendeleza katika ualimu wa hesabu, nikakaa katika jimbo la Iowa hadi mwaka uliofuata. Iowa ni nchi ya mahindi na nguruwe, na wakati wa baridi theluji hufunika mashamba yote. Majira hayo watu wa huko hujaa katika kumbi kutazama mieleka. Sisemi mieleka ya maonyesho ya televisheni, ya kurukiana kutoka kwenye kamba. Nasema mieleka ya vyuo, yenye sheria na waamuzi, ambayo mashindano yake ya taifa yalifanyika mara ya kwanza mwaka 1928 katika mji wa Ames, katika jimbo hilohilo. Chuo kidogo nilichokaa kilikuwa na timu. Kocha, aliposikia kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, aliniomba niketi mezani nimsaidie mwandishi wa pointi. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika jambo hili.

Kwanza yafaa tuelewe mchezo wenyewe. Timu mbili zikutanapo, huwa na mapambano kumi, moja kwa kila daraja la uzito. Daraja la chini ni la ratili 125, ambazo ni kama kilo 57, na la juu kabisa huishia ratili 285, ambazo ni kama kilo 129. Katikati yako madaraja manane mengine. Kila chuo hutoa mtu mmoja kwa kila daraja. Pambano huchukua dakika saba: kipindi cha kwanza dakika tatu, na viwili vinavyofuata dakika mbili mbili.

Katika pambano, mwanamieleka hupata alama kwa kazi anayoifanya. Akimbwaga mwenziwe chini na kumtawala, hupata alama 3. (Hadi mwaka 2023 zilikuwa 2, ndipo sheria ilipobadilishwa.) Aliye chini akichopoka na kusimama, hupata alama 1. Akimgeuza aliye juu na kumweka chini, hupata alama 2. Na akimlaza mwenziwe karibu chali kwa sekunde kadhaa, huongezewa tena. Lakini akimgandamiza mabega yote mawili mkekani kwa sekunde moja nzima, pambano limekwisha papo hapo, hata kama yeye ndiye aliyekuwa nyuma kwa alama. Huko ndiko kubana mabega.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye somo. Alama za mtu haziendi kwenye timu. Timu hupewa pointi zake yenyewe, kwa kadiri ya ushindi ulivyokuwa:

Ushindi wa tofauti ya alama 1 hadi 7: timu hupata pointi 3.
Ushindi wa tofauti ya alama 8 hadi 14: timu hupata pointi 4.
Ushindi wa tofauti ya alama 15 au zaidi: pambano husimamishwa, na timu hupata pointi 5.
Kubana mabega, au mpinzani asipotokea: timu hupata pointi 6.

Aliyeshindwa haipatii timu yake pointi yo yote. Basi mtu aweza kusema, "Kushindwa ni kushindwa tu." Hata mimi nilidhani hivyo, mpaka jioni moja ya mwezi wa Januari.

Jioni hiyo walikuja wageni wa chuo kingine, timu yenye sifa. Sisi tulikuwa na kijana mmoja wa daraja la ratili 141, mpole, mtoto wa mkulima, aliyeingia timuni kwa kuwa mwenye nafasi hiyo alikuwa ameumia goti. Akapangiwa bingwa wa wageni. Watu wote walijua atashindwa, na kwa kweli alishindwa. Bingwa alimbwaga mara tatu, kijana akachopoka mara tatu. Katika kipindi kimojawapo bingwa naye alichopoka mara moja. Hesabuni wenyewe: mara tatu alama 3 ni 9, na 1 ni 10. Kijana alikuwa na 3. Katika dakika ya mwisho bingwa alimshika mguu, akamzungusha mkeka mzima akitaka kumbwaga mara ya nne. Kijana akasimama kwa mguu mmoja, akarukaruka kama kuku aliyefungwa kamba, hakuanguka. Kengele ikalia, 10 kwa 3. Alikwenda kuketi mwisho wa benchi, akajifunika kichwa kwa taulo akalia. Hapana aliyemsemesha.

Mapambano yote kumi yalipokwisha, sisi tulikuwa tumeshinda sita, yote kwa tofauti ndogo: mara sita pointi 3 ni 18. Wageni walikuwa wameshinda manne: moja kwa kubana mabega, pointi 6, moja kwa tofauti ya alama 15, pointi 5, na mawili kwa tofauti ndogo, pointi 3 na 3. Jumla yao 17. Tukashinda kwa 18 kwa 17. Ukumbi ukatetemeka kwa vifijo, na kijana wa pambano la mwisho, aliyeshinda kwa alama moja, akabebwa mabegani.

Mimi niliinama juu ya kitabu changu, nikaona jambo ambalo waliokuwa wakishangilia hawakuliona. Yule kijana wa 141 alishindwa kwa tofauti ya alama 7. Kama angechoka na kuachia mguu ule mwishoni, tofauti ingekuwa 10. Wageni wangepata pointi 4 badala ya 3, na jumla ingekuwa 18 kwa 18. Kama angelazwa chali akabanwa mabega, wangepata 6, na sisi tungeshindwa kwa 20 kwa 18, ingawa tumeshinda mapambano sita na wao manne tu! Mtu aliyekuwa akilia chini ya taulo alikuwa ameiokoa timu sawasawa na yule aliyebebwa. Nilimwonyesha kocha kitabu. Akasoma, akanyamaza kidogo, kisha akaenda akaketi kando ya yule kijana.

Hili ndilo somo la kwanza: katika timu, namna ya kushindwa ina uzito wake, kama vile namna ya kushinda. Anayeshindwa pembamba ameitunzia timu hazina ambayo mwenziwe ataitumia baadaye.

Somo la pili nililipata juma lililofuata, nalo lilituuma. Tulikwenda kwa basi kupambana na chuo cha tatu. Wale wageni wetu walikuwa wamekishinda chuo hicho vizuri mwezi uliotangulia. Ndani ya basi vijana wetu walipiga hesabu hivi: "Sisi tumewashinda wageni. Wageni waliwashinda hawa. Basi sisi ni lazima tuwashinde hawa." Hesabu hiyo yaonekana safi. Kama Juma ni mrefu kuliko Ali, na Ali ni mrefu kuliko Saidi, Juma ni mrefu kuliko Saidi, hapana ubishi. Lakini tulishindwa, na tulirudi usiku katika theluji bila mtu kufungua kinywa.

Je, vijana wetu walifanya uvivu? Hasha. Kosa lilikuwa katika hesabu ile ya basini. Urefu ni kitu kimoja, lakini timu ni watu wengi. Tuchukue vyuo vitatu, A, B na C, na kwa wepesi tuseme yako madaraja matatu tu. Wanamieleka wapangwe kwa nguvu zao hivi:

Uzito mwepesi: wa kwanza ni A, wa pili B, wa tatu C.
Uzito wa kati: wa kwanza ni B, wa pili C, wa tatu A.
Uzito mzito: wa kwanza ni C, wa pili A, wa tatu B.

Tena tuseme kwamba mwenye nguvu zaidi hushinda kila mara, bila bahati wala ajali. A akikutana na B, A hushinda katika mwepesi na mzito, B hushinda katika wa kati: A ameshinda 2 kwa 1. B akikutana na C, B hushinda katika mwepesi na wa kati: B ameshinda 2 kwa 1. Sasa C akikutana na A, C hushinda katika wa kati na mzito: C ameshinda 2 kwa 1! A amemshinda B, B amemshinda C, na C amemshinda A. Ni mduara usio na mwanzo wala mwisho. Chukueni karatasi mjaribu wenyewe, msiniamini kwa maneno. Hapana mtu aliyebadilika nguvu, hapana aliyeuza mchezo, hapana aliyelogwa. Ni mpangilio tu wa nani amekutana na nani.

Somo la tatu ni la bahati. Wengi hudhani kwamba timu iliyo bora katika kila daraja ni lazima ishinde. Tuipime dhana hiyo. Tuseme timu yetu ni bora kiasi hiki: katika kila pambano, likirudiwa mara kumi, mtu wetu hushinda mara sita na kushindwa mara nne. Katika mapambano matatu, nafasi ya kushinda yote ni 6/10 × 6/10 × 6/10, yaani 216 katika 1000. Nafasi ya kushinda mawili yaliyotajwa na kushindwa moja ni 6/10 × 6/10 × 4/10, yaani 144 katika 1000. Hilo moja la kushindwa laweza kuwa la kwanza, la pili au la tatu, basi twazidisha kwa tatu tupate 432. Jumla ni 648. Kumbe timu iliyo bora kila mahali hushindwa mara 352 katika 1000, zaidi ya theluthi moja!

Mkiendelea na hesabu hiyo hadi mapambano kumi, mtaona kwamba katika mikutano 100 timu yetu itashinda mapambano mengi zaidi mara 63, itagawana matano kwa matano mara 20, na itazidiwa mara 17. Wingi wa mapambano huisaidia iliyo bora, lakini hauondoi bahati. Na kwa kuwa pointi huanzia 3 hadi 6, kosa moja lina nguvu sana. Ushindi wetu wa pointi 3 ukigeuka kuwa ushindi wao wa pointi 3, timu imepoteza 6. Mtu wetu aliyekaribia kumbana mwenziwe, akiteleza akabanwa yeye, timu imepoteza 12 katika kufumba na kufumbua.

Msidhani kwamba mambo haya huvipata vyuo vidogo tu. Tarehe 14 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Iowa kilipambana na Oklahoma State katika uwanja wa mpira, mbele ya watazamaji 42,287. Hivyo ni vyuo viwili vyenye historia kubwa katika mchezo huu, na matokeo yalikuwa 18 kwa 16. Timu ya Penn State ilishinda mikutano 60 mfululizo, watu wakaona kwamba haishindiki. Novemba 2019 ikashindwa na Arizona State kwa 19 kwa 18. Na tarehe 31 Januari 2020 ikashindwa tena, na Iowa, kwa 19 kwa 17. Pointi moja, pointi mbili! Na katika mtu mmoja mmoja pia ni hivyo. Dan Gable hakuwa ameshindwa hata mara moja tangu shule ya sekondari, mpaka Machi 1970, katika pambano la mwisho kabisa la miaka yake ya chuo, Larry Owings alipomshinda kwa 13 kwa 11. Gable hakuacha mieleka. Mwaka 1972 alipata medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Munich bila kumpa mpinzani ye yote hata alama moja. Kisha, akiwa kocha wa Iowa, timu yake ilitwaa ubingwa wa taifa mara tisa mfululizo, mwaka 1978 hadi 1986. Mara ya kumi, mwaka 1987, ubingwa ulichukuliwa na jirani zao wa Iowa State.

Basi kocha mwenye akili hufanya nini akijua hayo? Huyatumia. Kabla ya mkutano hupigwa kura ya daraja la kuanzia, na hurushwa sarafu ili ijulikane ni timu ipi itakayomtoa mtu wake kwanza katika kila pambano. Anayesubiri humwona mpinzani, kisha huchagua amtoe nani. Ikiwa timu imetangulia kwa pointi 5 na limebaki pambano moja, mtu wa mwisho huambiwa, "Usitafute sifa. Usibanwe mabega, basi." Na aliye nyuma kwa 5 huambiwa, "Ushindi mdogo hautatusaidia, sharti umbane." Ndiyo maana utaona mtu anayeongoza kwa alama akihatarisha ushindi wake. Mtazamaji asiyejua hesabu atamwita mjinga, kumbe anaitii timu yake.

Neno moja la kuonya. Kuna hesabu ambayo si halali kwa mwanadamu. Wako waliotaka kupata faida kwa kujikausha mwili ili waingie daraja la chini. Mwishoni mwa mwaka 1997 wanamieleka watatu wa vyuo vya Marekani walifariki kwa kufanya hivyo, wakijinyima maji na kujitoa jasho kupita kiasi. Baada ya hapo sheria zilibadilishwa: vyumba vya mvuke na mavazi ya mpira ya kujitoa jasho yakakatazwa, na watu wakaanza kupimwa uzito karibu na saa ya pambano. Pointi sita hazilingani na uhai wa mtu.

Sasa nirudi kwa yule mvulana wa Kidato cha Pili. Nilikwenda ofisini nikaomba karatasi za matokeo ya siku ile, nikazipitia kama nilivyopitia kitabu changu kule Iowa. Bweni lake lilikosa kikombe kwa pointi moja. Katika kuruka juu, mtu wao mmoja aliacha jaribio lake la tatu kwa kuwa alikuwa amekwisha kata tamaa. Katika mbio za maili moja, mwingine alitembea hatua za mwisho, akapitwa na aliyekuwa nyuma yake, akatoka nafasi ya nne, yenye pointi, akawa wa tano. Katika kutupa mkuki hawakuwa na mtu wa pili kabisa; nafasi ilikaa wazi. Kila moja ya pointi hizo ilitosha kuleta sare au kikombe. Lakini mambo hayo yalitokea asubuhi, jua likiwa bado changa, na hapana aliyeyakumbuka. Mbio za vijiti zilikuwa za mwisho, basi lawama ikamwangukia aliyeonekana mwisho. Naye alikimbia mpaka kwenye utepe.

Mwanangu, jibu langu ndilo hili: pointi ya jioni si nzito kuliko pointi ya asubuhi. Rudi uwanjani. Na ninyi wenzake, kabla ya kusema "wewe ndiye," fungueni kitabu mhesabu tangu mstari wa kwanza. Huenda mkalikuta jina lenu.

MASWALI

1. Timu imetangulia kwa 17 kwa 14, na limebaki pambano moja. Timu iliyo nyuma itahitaji ushindi wa namna gani ili ishinde? Wa namna gani utaleta sare?

2. Onyesheni kwamba matokeo ya 18 kwa 16, kama mapambano yote kumi yamepata mshindi na hapana pointi iliyokatwa, yaweza kupatikana kwa kugawana mapambano 5 kwa 5 au 6 kwa 4 tu.

3. Timu yaweza kushinda mkutano ikiwa imeshinda mapambano machache kiasi gani katika kumi?

4. Fanyeni tena hesabu ya mapambano matatu, mtu wetu akiwa hushinda mara saba katika kumi.

Majibu yaletwe kwangu kabla ya kufunga shule. Atakayekosa asione haya kuleta kazi yake. Nitatazama pia namna alivyokosa.

Mwalimu wa Hesabu